Tope la Mto Athi na Ukingo wa Bara: Jiolojia na Bahari ya Pwani ya Kenya Kutoka Nyanda za Kajiado

Utangulizi

Mvua inaponyesha Laiser Hill na katika nyanda za Kitengela, maji yake hayashuki kwenda Ziwa Magadi, ijapokuwa Magadi imo katika kaunti iyo hiyo ya Kajiado. Hushika njia ya mashariki. Huingia katika vijito, vijito vikaingia Mbagathi na Mto Kitengela, na hiyo ikaingia Athi. Athi nao huelekea kwanza kaskazini-mashariki hadi kando ya Kilimambogo, kisha hugeuka kusini-mashariki na kuambaa na Uwanda wa Yatta, hukutana na Mto Tsavo na kubadili jina ukaitwa Galana, na unapokaribia bahari huitwa Sabaki. Mlango wake uko kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Katika safari hiyo yote maji hayaendi mikono mitupu. Hubeba udongo, na udongo huo hatimaye hutua juu ya ukingo wa bara la Afrika.

Makala haya yanakusudia kueleza ukingo huo: ulivyoundwa, ulivyo leo, namna maji ya Bahari ya Hindi yanavyouhudumia na kuusumbua, na kwa nini mfugaji wa Kajiado na mvuvi wa Malindi wana uhusiano wa karibu kuliko unavyoonekana katika ramani.

Yafaa kuanza na istilahi. Wanajiolojia hugawa kingo za mabara katika aina mbili kuu. Ukingo hai ni ule ambapo bara na sakafu ya bahari ni mabamba mawili tofauti yanayokutana, na bamba la bahari likazama chini ya lile la bara. Pwani ya Chile na ile ya Sumatra ni za aina hiyo, na ndiyo sababu ya matetemeko makubwa na volkano zake. Ukingo tulivu ni ule ambapo bara na sakafu ya bahari jirani vimeungana katika bamba moja, na mpaka wa mabamba uko mbali, katikati ya bahari. Pwani ya Kenya ni ya aina hii ya pili. Kitengela, Malindi na sakafu ya bahari iliyo mbele ya Malindi zote zimelala juu ya bamba moja, yaani bamba la Somalia. Neno 'ukingo tulivu' si istilahi iliyosanifiwa. Limetumika hapa kwa kuwa linaeleweka bila maelezo marefu, ingawa, kama itakavyoonekana, utulivu wenyewe una mipaka yake.

Marumaru ya Kajiado: bahari iliyofungwa

Ajabu ni kwamba Kajiado yenyewe, iliyo mamia ya kilomita kutoka pwani, imehifadhi mabaki ya bahari ya kale zaidi kuliko Bahari ya Hindi. Marumaru inayochimbwa Kajiado, na mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji vya Athi River, sehemu yake kubwa yalikuwa matope ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari. Bahari hiyo ilifungwa wakati mabara ya zamani yalipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana, kiasi cha miaka milioni 600 iliyopita. Mgongano huo uliyasaga na kuyachoma matope hayo kwa joto na shinikizo hadi yakageuka marumaru. Mshipi wa miamba geu ulioachwa na mgongano huo unatoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya, na kuendelea kaskazini. Ndio unaoitwa Mshipi wa Msumbiji.

Katika nyanda za Kitengela miamba hiyo imefunikwa. Juu yake ilimwagika lava, hasa ile fonolaiti ya Kapiti yenye umri wa takribani miaka milioni 13, na juu ya lava ukajitengeneza udongo mweusi ambao kila aliyewahi kupita Kitengela wakati wa masika anaufahamu kwa viatu vyake. Lava nyingine ya wakati huohuo ilishuka mbali zaidi. Uwanda wa Yatta ni mtiririko wa lava wenye urefu wa takribani kilomita 300, uliofuata bonde la mto wa zamani kuelekea upande wa bahari. Ardhi laini ya kandokando ikamomonyoka, lava ngumu ikabaki, na kilichokuwa bonde kikawa kilima kirefu chembamba. Umbo hilo ni ushahidi kwamba, hata miaka hiyo milioni 13 iliyopita, maji ya bara yalikuwa tayari yanateremkia Bahari ya Hindi kwa njia isiyotofautiana sana na ya leo.

Kupasuka kwa Gondwana

Ukingo tulivu huanza kwa vurugu. Bara moja huvutwa pande mbili, gamba lake hukonda, hupasuka mabonde ya ufa, na mabonde hayo hujaa mchanga na udongo wa kutoka kingoni. Iwapo mvuto unaendelea, hatimaye maji ya bahari huingia na sakafu mpya ya bahari huanza kuzaliwa katikati. Pwani ya Kenya imepitia hatua hizo zote, na kila hatua imeacha miamba yake, ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho akisafiri kwa barabara kutoka Voi kwenda Mombasa.

Hatua ya kwanza ilianza kiasi cha miaka milioni 300 iliyopita. Mabonde yalifunguka kati ya sehemu ambayo leo ni Kenya na ile ambayo leo ni Madagaska, zilizokuwa zimeshikana. Mito na maziwa yakayajaza mashapo, na mashapo hayo ndiyo miamba ya Duruma. Wanajiolojia wameipa tabaka zake majina ya vituo vya barabara na reli: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Katika tabaka za Maji ya Chumvi mna visukuku vya samaki. Katika zile za Mazeras mna vigogo vya miti vilivyogeuka mawe. Na neno 'mazeras' limeacha kuwa jina la mahali tu. Fundi wa Kitengela anayetandika ua wa nyumba kwa mawe bapa ya rangi ya mchanga huyaita mazeras, pengine bila kujua kwamba anatandika mchanga wa bonde la ufa lililopasuka kabla ya Bahari ya Hindi kuwepo.

Hatua ya pili ni kuingia kwa bahari. Mawe ya chokaa ya Kambe, yaliyopewa jina la nchi ya mojawapo ya jamii za Wamijikenda, yana visukuku vya matumbawe na viumbe wengine wa baharini, na umri wake ni takribani miaka milioni 170. Maana yake ni kwamba kufikia wakati huo maji ya chumvi yalikuwa yameshaingia kati ya Afrika na Madagaska. Baada ya hapo Madagaska ilianza kuteleza kuelekea kusini, ikifuata ufa mrefu chini ya bahari unaojulikana kama Ufa wa Davie, hadi ilipotulia mahali ilipo leo kiasi cha miaka milioni 120 iliyopita. Kwa hiyo ukingo wa Kenya haukuvutwa moja kwa moja tu, bali pia ulikwaruzwa ubavuni na kisiwa kilichokuwa kikiondoka.

Hatua ya tatu, ndefu kupita zote, ni ya kupoa, kuzama na kufukiwa. Gamba lililokondeshwa hupoa, likipoa huwa zito, na likiwa zito hudidimia. Mito huleta mashapo juu yake, na uzito wa mashapo hulididimiza zaidi, nalo huacha nafasi ya mashapo mengine. Ndivyo ilivyotokea Bonde la Lamu, ambamo rundo la mashapo limefikia unene wa zaidi ya kilomita 10 katika sehemu zake za ndani. Mtu akilinganisha na Mlima Kenya, ambao urefu wake ni mita 5,199, ataona kwamba mlima huo ungezikwa humo na usionekane hata kileleni.

Umbo la ukingo na lugha ya wavuvi

Mtu akitoka ufuoni kuelekea baharini hupita kwanza juu ya rafu ya bara, yaani sehemu ya bara iliyofunikwa na maji machache. Rafu hiyo ni nyembamba mno mbele ya Mombasa na Kilifi, kilomita chache tu, na hupanuka kaskazini, katika Ghuba ya Ungwana, hadi kufikia kilomita 60 hivi, kwa kuwa huko Tana na Sabaki zimejaza mashapo. Mwisho wa rafu ni mteremko wa bara, ambapo kina huongezeka kwa haraka, na chini ya mteremko ni uwanda wa vilindi.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kujivunia. Istilahi nyingi ambazo vitabu vya jiografia huzieleza kwa sentensi ndefu zimo tayari katika msamiati wa pwani. Kipwa ni mwamba unaojitokeza maji yanapopwa. Fungu ni tuta la mchanga chini ya maji. Mlango ni uwazi katika mwamba ambao chombo hupitia. Kilindi ni maji marefu, na jina la bandari ya Kilindini linatamka wazi sababu ya bandari hiyo kuwapo. Ni jambo la kusikitisha kwamba anayetunga istilahi za sayansi ya bahari mara nyingi huanza na kamusi ya Kiingereza badala ya kuanza na nahodha.

Maji marefu ya Kilindini yana historia yake. Katika kilele cha enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yamegandishwa katika nchi za baridi, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kiasi cha mita 120. Rafu yote ya Kenya ilikuwa nchi kavu. Mito ilichimba mabonde hadi kwenye ukingo wa mteremko. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikaingia katika mabonde hayo na kuyageuza hori: Kilindini, Tudor, Mtwapa, Kilifi. Kinyume chake, miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu ya usawa wa leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yaliyokua wakati huo ndiyo jiwe ambalo juu yake Mombasa imejengwa. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo na imejengwa kwa mawe yake.

Kuhusu utulivu wa ukingo huu, ikumbukwe kwamba haumaanishi usalama kamili. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko katika ukingo hai wa Sumatra lilituma tsunami hadi Afrika ya Mashariki. Somalia ilipoteza karibu watu 300. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Miongoni mwa yaliyoinusuru Kenya ni kwamba mawimbi yalifika maji yakiwa yanapwa, nayo miamba ya matumbawe ikayavunja nguvu. Aidha, tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa takribani 6 lilitokea chini ya bahari kusini-mashariki mwa Dar es Salaam na likasikika hadi Mombasa. Hilo halikutoka mbali. Lilitoka katika eneo la nyufa za kale za ukingo wenyewe, ambazo mvuto wa Bonde la Ufa unazifufua. Na kwa upande wa bara, Julai 2007, matetemeko ya eneo la Ziwa Natron, jirani na Magadi, yaliwatoa watu wa Nairobi katika majengo. Huko magma ilikuwa ikijipenyeza katika nyufa, kazi ileile iliyoanza kuitenga Madagaska. Kajiado, kwa hiyo, ina bahari iliyofungwa chini ya nyanda zake na pengine bahari ijayo katika mipaka yake ya magharibi, ijapokuwa bonde hilo hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka na si kila ufa hukomaa ukawa bahari.

Pepo na mikondo

Bahari ya pwani hii huendeshwa na pepo mbili. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi. Na katikati ya pepo hizo ni tanga mbili, wakati ambapo upepo haujaamua. Mkondo wa Pwani ya Afrika ya Mashariki hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo huusukuma, ukaenda kwa kasi na kuungana na Mkondo wa Somalia. Wakati wa kaskazi Mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha hugeukia mashariki kuelekea bahari kuu. Mahali wanapokutana, maji baridi yenye virutubisho hupanda kutoka chini, na ndiyo sababu mafungu ya kaskazini mwa Kenya yana samaki wengi.

Kujaa na kupwa ni sura nyingine. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, tofauti ya maji makuu na maji ya kupwa hukaribia mita 4 Mombasa. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Bamvua ndiyo inayosafisha hori na kulisha mikoko, nayo ndiyo inayosukuma tope la mito huku na huko kabla halijatua.

Tope la Sabaki

Tope hilo ndilo kiini cha suala. Sabaki humwaga baharini mamilioni ya tani za udongo kila mwaka. Maji ya bahari ya Malindi wakati wa mvua huwa ya rangi ya kahawia, na ufuo wa Malindi umesogea mbele kuelekea baharini, tofauti na fuo nyingi za pwani ambazo zinaliwa. Wakati wa kusi tope hupelekwa kaskazini, upande wa Ngomeni na Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi hurudi kusini, juu ya mji wa Malindi na Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Bahati mbaya ni kwamba mvua za vuli humalizikia wakati kaskazi imeshika, na hivyo mafuriko ya Novemba na Desemba huelekea moja kwa moja kwenye matumbawe. Tumbawe huhitaji mwanga na maji safi. Likifunikwa na tope husongwa.

Je, mto umekuwa mwekundu siku zote? Matumbawe yenyewe yamejibu. Tumbawe hukua kwa kuongeza tabaka kila mwaka, mfano wa pete za mti. Udongo wa mfinyanzi unaoletwa na mto hubeba bariamu. Ukikutana na maji ya chumvi huiachilia, na tumbawe huiingiza katika mifupa yake mahali pa kalisi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kupima tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Katika sehemu kubwa ya maisha yake bariamu ilikuwa ndogo na haikubadilika sana. Ilianza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo utawala wa kikoloni ulikuwa ukigawa ardhi upya, kuwabana wakulima na wafugaji katika maeneo madogo na kufungua mashamba katika nyanda za juu. Hakuna karani aliyeandika kumbukumbu ya mmomonyoko wa miaka hiyo kwa uaminifu kama huo.

Hali haijawa nyepesi tangu hapo. Ukame huondoa majani Kajiado, kisha mvua kubwa huukuta udongo wazi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilimwaga tope jingi, na mwaka huohuo wa 1998 joto la bahari likayafanya matumbawe ya Kenya kupauka na sehemu kubwa yake ikafa. Matumbawe yaliyokwisha kudhoofishwa na tope hayakuwa na nguvu ya kustahimili joto.

Hata hivyo, tope si hasara tupu, na mwandishi wa masuala haya asipotaja upande huo atakuwa amesema nusu. Virutubisho vya Tana na Sabaki ndivyo vinavyoifanya Ghuba ya Ungwana kuwa shamba kuu la kamba nchini, shamba lililozua ugomvi mkali kati ya wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu hadi uvuvi wa meli hizo ukasimamishwa mwaka 2006 kwa miaka kadhaa. Vilevile mashapo ya kale, yakizikwa kwa kina cha kutosha pamoja na mabaki ya viumbe, hupikwa yakatoa gesi na mafuta. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi zaidi ikapatikana katika vilindi vya Tanzania na Msumbiji. Kenya bado haijabahatika: kisima cha Mbawa kilichochimbwa mwaka 2012 mbele ya pwani kilipata gesi, lakini si ya kiasi cha biashara.

Kisha kuna sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria za Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 76, unairuhusu nchi kudai sakafu ya bahari hata kupita maili 200 iwapo ukingo wake wa bara unaendelea mbali hivyo. Kipimo kimojawapo ni unene wa mashapo: panapokubalika ni pale ambapo unene huo si chini ya asilimia 1 ya umbali kutoka chini ya mteremko. Kwa mfano, mahali palipo kilomita 100 kutoka chini ya mteremko panahitaji mashapo ya angalau kilomita 1. Kwa maneno mengine, udongo ambao mito imeuhamisha kutoka bara kwa mamilioni ya miaka umekuwa ushahidi wa umiliki. Kenya iliwasilisha dai lake Mei 2009. Somalia nayo ilikwenda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama hiyo ilichora mpaka wa bahari uliopita kati ya madai ya nchi hizo mbili, ukiwa karibu zaidi na ule uliopendekezwa na Somalia. Kenya ilikataa hukumu hiyo.

Lakini mashapo ya kisheria ni ya mamilioni ya miaka. Tope la karne moja haliongezi hata inchi katika dai hilo. Linalopungua ni udongo wa malisho. Katika Mto Tana mabwawa, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, hunasa sehemu kubwa ya mashapo kabla hayajafika baharini. Mto Athi haukuwa na bwawa kubwa la aina hiyo, na ndiyo maana Sabaki hufika Malindi na mzigo wake wote. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa katika muongo wa 2010 mahali ambapo Athi hukutana na Mto Thwake, linakusudiwa kwa maji, umeme na kilimo. Litakapoanza kujaa, udongo wa Kitengela utatua kwanza katika maji yake yaliyosimama, kati ya Makueni na Kitui. Matumbawe ya Malindi yatapata maji safi zaidi, ufuo uliokuwa ukikua utakosa mchanga, kamba wa Ungwana watapungukiwa na chakula, na bwawa lenyewe litajaa kwa kasi inayotegemea ni majani mangapi yamebaki juu ya ardhi ya Kajiado mvua ya kwanza inapoanguka.